Unaenda Turkana Kabla ya Chuo? Panga Pesa Kwanza

Umemaliza Form Four, chuo bado, na wewe na marafiki mnataka kuona Ziwa Turkana. Poa sana! Lakini joto la Lodwar hufika nyuzi 35 na zaidi, na ukitoka mjini mtandao huwa wa kubahatisha.

Tunashauri hivi: toa keshi Lodwar kabla ya kuelekea Kalokol, noti ndogo ndogo. Beba maji, tembea asubuhi, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Simu ikiisha chaji, usiweke laini yako kwenye simu ya mtu usiyemjua, na PIN usimwambie yeyote.

Nauli ya kurudi? Iache kwa simu, usiiguse. Ukirudi Lodwar utaikuta, na nyumbani utafika.