Je, Wajua? Mwami na Leta

Je, wajua kwamba Runingu, hapa kwenye bonde la Ruzizi, ni mojawapo ya makundi matano ya vijiji katika usultani wa Bafuliiru? Mengine ni Itara-Luvungi, Lemera, Muhungu na Kigoma.

Je, wajua kwamba Leta, jina tunaloiitia serikali, ni Kifaransa kilichobadilishwa ulimi? Wazee waliijua kama Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa kwanza mpelelezi Stanley.

Je, wajua kwamba Bula Matari hakuvunja viti vya machifu? Alivikalia. Dekreti ya 2 Mei 1910 iliwafanya machifu kuwa ngazi ya chini ya utawala wa Wabelgiji: nishani shingoni, kodi mkononi. Aliyekuwa mgumu aliwekwa pembeni, akatafutwa mwingine mtiifu.

Je, wajua kwamba hata leo ukoo humtawaza mwami, yaani chifu wake, lakini anayemtambua ni waziri, Kinshasa? Hali ya machifu imepangwa na sheria ya 25 Agosti 2015. Ngoma inapigwa huku, karatasi inatoka kule.

Je, wajua kwamba chifu anaweza kuingia bunge la jimbo bila kura ya raia? Kifungu cha 197 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinawaachia machifu nafasi zisizozidi moja ya kumi ya viti. Bunge hilohilo ndilo linalochagua gavana na maseneta. Sasa chifu huyo atamkemea nani?

Je, wajua kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye Kigoma ile nyingine ya Tanzania, machifu walivuliwa mamlaka mwaka 1963? Rais alikuwa Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki. Uganda ilifuta wafalme 1967, ikawarudisha 1993 kwa sharti wasiguse siasa.

Lakini tusimcheke mwami. Je, wajua ni wapi Leta hulazimika kumbembeleza? Kwenye udongo. Sheria ya Julai 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali. Ile ya vijiji, kifungu cha 389 kiliisubirisha amri ya Rais. Rais Mobutu alikimbia 1997 bila kuitia sahihi. Kwa hiyo mkulima anayetafuta shamba alibaki kupitia kwa chifu, na mfugaji akabaki na itulo yake, ng'ombe wa kulipia malisho. Nguvu hiyo mwami hakupewa na waziri yeyote. Kwangu mimi ndiyo pekee asiyoiazima, ingawa anayeilipia ni mwananchi.

Na wewe, shamba lako la Runingu lina karatasi ya nani?