Gari lionyapo, dereva huelewa?

Kuna pahali kando ya kila gari ambapo vioo vyote vitatu havifiki. Dereva akitazama kioo cha ndani haoni kitu. Akitazama cha pembeni, vilevile haoni kitu. Ilhali mwendeshaji wa bodaboda yupo papo hapo, karibu na gurudumu la nyuma, amempakia abiria. Mimi hupaita pembe pofu, na nitapaita hivyo hadi wajuzi wanipe jina bora.

Watengenezaji wa magari wameishughulikia pembe hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Kampuni ya Volvo ya Uswidi ilianza kwa kamera zilizowekwa kwenye vioo vya pembeni. Magari mengi ya siku hizi hutumia rada. Vifaa viwili hufichwa ndani ya bampa la nyuma, kimoja kila upande, navyo hurusha mawimbi ya redio ambayo hugonga chombo kilicho kando na kurudi. Muda wa kurudi huonyesha umbali. Badiliko la masafa ya mawimbi huonyesha kasi ya chombo hicho. Kukiwa na kitu katika leni ya jirani, taa ndogo huwaka kwenye kioo cha upande huo. Dereva akiipuuza na kuwasha indiketa ya upande huohuo, taa humetameta, na aghalabu mlio husikika.

Mfumo wa kuonya gari linapoihama leni ni mwingine, ingawa watu huuchanganya na huo. Huu hutegemea kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele, inayosoma mistari iliyochorwa barabarani. Gari likiusogelea mstari bila indiketa, mfumo huchukulia kwamba dereva amesinzia au mawazo yake yako kwingine. Basi hulia, au huutetemesha usukani. Mnamo 2004 kampuni ya Citroën ilichagua kukitetemesha kiti chenyewe, upande wa kushoto au wa kulia kulingana na mstari uliovukwa. Kwangu mimi mwanaisimu, hiyo ndiyo ishara bora kuliko zote: haihitaji mkalimani.

Nyingine zinahitaji. Magari mengi yaliyotumika yaingiayo Kenya hutoka Japani, nayo huja na maandishi ya Kijapani, sauti ya Kijapani na kitabu cha maelezo cha Kijapani. Rada ikizibwa na matope, gari huandika ujumbe kwenye dashibodi, na dereva wa Kitale huona michoro tu.

Hata hivyo, tafsiri pekee haitatatua jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni kimya. Mwanafunzi yeyote wa isimu anajua kwamba katika mawasiliano kimya nacho husema. Taa isipowaka, dereva husoma, "Pita, hakuna mtu." La hasha! Mfumo haukusema hivyo. Huenda kweli hakuna chombo. Huenda ipo pikipiki, ambayo hurudisha mawimbi hafifu kuliko gari. Huenda bampa limejaa matope, au gari linakwenda polepole mno na mfumo haujaanza kazi. Ama mistari ya barabara imefutika, jambo ambalo kwetu si geni. Kamera isiyo na mstari ni sawa na msomaji aliyepewa karatasi tupu. Maana hizo zote zimevikwa kimya kimoja, na anayelipia kosa la tafsiri ni yule wa bodaboda.

Sisemi kwamba mifumo hii haina faida. Uchunguzi wa taasisi ya IIHS ya Marekani, uliotolewa 2017, ulionyesha kwamba onyo la pembe pofu lilipunguza ajali za kubadilisha leni kwa asilimia 14, na onyo la kuihama leni likapunguza ajali za aina yake kwa asilimia 11. Hayo ni maisha ya watu. Lakini vipimo hivyo ni vya barabara za huko.

Nionavyo, kila mwagizaji wa magari angelazimishwa kumkabidhi mnunuzi karatasi moja ya Kiswahili: taa hii ina maana gani, mlio huu ni wa nini, na ni wakati gani mfumo hunyamaza ilhali hatari ipo. Shule za udereva nazo zingeifundisha karatasi hiyo. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta miradi kila mwaka. Kazi hiyo haiwezi kuwachukua zaidi ya muhula mmoja.