Atomi Ngeni Zinazoisafisha Platinamu

Seli zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme huitegemea mno platinamu, na platinamu hulemazwa kwa urahisi na kaboni monoksidi (CO). Gesi hiyo huushika uso wa metali kwa upande wake wa kaboni, hata haidrojeni ikakosa pa kutua. Katika seli za utando zinazofanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi za selsiasi, sehemu 10 tu za gesi hiyo katika milioni hutosha kupunguza umeme. Kuiondoa kunahitaji oksijeni kutoka kwenye maji: molekuli ya maji ivunjike, kipande cha OH kibaki juu ya metali, kisha kikutane na CO iliyo jirani, itoke kaboni dioksidi. Platinamu hukwama kwenye hatua ya kuvunja maji. Haiifanyi kwa kasi ya maana mpaka volti ikaribie 0.7 juu ya elektrodi ya haidrojeni, na hapo nishati nyingi imekwisha kupotea.

Mwaka 1975 Watanabe na Motoo, wanakemia wa Japani, walionyesha kwamba atomi za rutheniamu zikipandikizwa juu ya platinamu, CO huanza kuungua kwenye volti ya chini zaidi. Maelezo yao, ambayo naona bado yanasimama, ni mgawanyo wa kazi: platinamu hushika CO, rutheniamu huvunja maji mapema, na mmenyuko hutokea mpakani. Wapo wanaopinga wakisema rutheniamu huvuruga elektroni za platinamu, hivyo CO hulegea. Kulegea huko kupo kweli. Lakini kungekuwa ndiyo sababu kuu, rutheniamu ingezidi kufaa kadiri inavyoongezwa. Vipimo vya aloi vya miaka ya 1990 vilionyesha vingine: kwa CO, mchanganyiko bora ni karibu nusu kwa nusu, yaani pale ambapo atomi za aina mbili zinazopakana ni nyingi kuliko kwingine kote. Kwa seli zinazotumia methanoli badala ya haidrojeni, katika joto la kawaida, rutheniamu ya asilimia 10 hivi ndiyo bora, kwa kuwa methanoli huhitaji atomi kadhaa za platinamu zilizokaa pamoja ili ivunjike.

Wala si kila atomi ngeni hufanya kazi hiyo ya kuvunja maji. Bismathi husaidia sana kuungua kwa asidi ya fomiki, lakini kwa kuziba nafasi ambazo CO ingezaliwa; huzuia sumu isitokee. Tena rutheniamu yenyewe huyeyuka polepole na kuhama kutoka anodi, yaani elektrodi ya upande wa mafuta. Basi ukisikia kichocheo kipya kinasifiwa, uliza OH yake inatoka wapi, kwa volti ngapi, na atomi hizo zitabaki mahali pake kwa muda gani.