Mguu Uliovimba na Masomo Matatu ya Muuguzi

Nchini Marekani muuguzi anayesomea shahada ya uzamili ili aweze kutibu wagonjwa hana budi kupita katika masomo matatu: namna ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili, namna dawa zinavyotenda, na uchunguzi wa mwili wa mgonjwa. Mafunzo ya wauguzi wa aina hiyo yalianzishwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado na muuguzi Loretta Ford pamoja na daktari Henry Silver.

Kwa nini yote matatu? Tutazame mguu uliovimba. Muuguzi huubonyeza kwa kidole juu ya muundi. Kishimo kikibaki, kuna maji chini ya ngozi. Lakini chanzo chaweza kuwa moyo, figo au ini, kwa hiyo huikagua pia mishipa ya shingo na kuyasikiliza mapafu. (Wengi wetu, tukivimba, humeza tu vidonge vya jirani.) Ikiwa moyo umedhoofika, furosemidi huyatoa maji kwa njia ya mkojo. Hutoa pia potasiamu, nayo ikipungua mno mapigo ya moyo huvurugika, hasa kwa mgonjwa anayetumia digoksini. Basi muuguzi huyo huagiza damu ipimwe, potasiamu na figo, na huipima tena baada ya dawa kuanza.