KITI CHA LORI: TUKISHONE WENYEWE AU TUMPE FUNDI?



Katika mikutano yetu hapa Mbarara na kule Nakivale, madereva wameuliza mara nyingi habari ya viti. Malori mengi yanayobeba matoke ya Isingiro na majani mabichi ya chai ya Buhweju ni makuukuu. Injini hutengenezwa na matairi hubadilishwa, lakini kiti huachwa mpaka springi zinatokeza nje, na dereva anatandika gunia juu yake. Mtu akikaa saa nane juu ya kiti cha namna hiyo, katika barabara ya mashimo, kiuno chake hupigwa kutwa nzima. Wataalamu wa afya kazini wamekwisha kuonyesha kwamba mtikisiko wa gari unahusika na maumivu ya mgongo ya madereva. Kwa hiyo kiti tukihesabu pamoja na breki na usukani.

Kabla ya kushika spana, jiulize: lori ni la nani? Kama ni la mwajiri, matengenezo ni juu yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke vyombo vya kazi katika hali isiyomdhuru mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo imeweka mipaka ya makato ya mshahara, basi usikubali kukatwa fedha za kiti bila kuuliza. Ndugu zetu wa Nakivale wasiogope kusema kwa sababu ni wakimbizi: Sheria ya Wakimbizi, nayo ya 2006, inawapa haki ya kufanya kazi, na mgongo wa mkimbizi huuma kama wa mwenyeji. Andika ombi lako, weka nakala, mpe mjumbe wa chama. Mwajiri akikaa kimya, yuko ofisa wa kazi wa wilaya.

Lakini wapo wenzetu wenye lori lao wenyewe, au la ushirika. Hao ndio swali la fundi linawahusu hasa.

Mimi nilikuwa utingo kabla ya kazi hii ya chama. Sisi watu wanne tulikuwa na Bedford TJ, ile ya pua ndefu. Tulipeleka kiti kwa fundi mmoja mjini, akakirudisha kimevikwa reksini nyekundu inayong’aa, tukafurahi kama watoto wa sikukuu. Baada ya miezi mitatu kilididimia upande mmoja. Tulipokifungua tukakuta vipande vya godoro kuukuu, matambara, na springi iliyokatika imefungwa kamba. Tulikuwa tumelipia nguo ya juu tu.

Kiti cha lori kina tabaka nne. Chini kabisa ni fremu ya chuma. Juu yake ni springi, kisha sponji (viti vingine vya zamani vilijazwa makumbi ya nazi), na mwisho nguo ya reksini iliyobanwa kwa pete ndogo za waya. Uamuzi wako utategemea ugonjwa uko tabaka gani, nao hauonekani mpaka kiti kifunguliwe. Kifungue wewe mwenyewe, hata kama utampa fundi. Kazi hiyo yahitaji spana, koleo na subira. Bolti zenye kutu zitie mafuta jioni, uzifungue asubuhi. Kwanza pima kimo cha kiti kutoka sakafuni na ukiandike, maana sponji mpya ikizidi unene mguu haufiki vizuri kwenye klachi.

Fremu ikiwa imepasuka, usijidanganye kwa waya. Mpelekee fundi wa kuchomelea, na reksini na sponji zisiwe karibu, kwa kuwa sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Springi zikiwa zimekatika nyingi, kazi hiyo nayo ni ya fundi mwenye vifaa.

Ikiwa chuma ni kizima na sponji ndiyo imekufa, hapo mkono wako unatosha. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi, kisha tandika gunia la katani juu ya springi ili zisiikate sponji. Magunia ya kahawa hayakosekani kwetu. Sponji inunuliwe ngumu; ile laini ya godoro hulala mapema. Ikate izidi fremu kwa nusu inchi kila upande, ndipo nguo itakaza.

Nguo ya zamani usiitupe. Ifumue kwenye mishono, ilaze juu ya reksini mpya, uchore kwa chaki ukiacha nafasi ya mshono. Wengi huharibu hapa kwa kutumia uzi wa pamba, ambao huoza kwa jasho na jua. Tumia wa nailoni. Mshono nao usiwe mfupi mno, maana matundu yakikaribiana reksini huchanika kama stempu. Cherehani ya nyumbani mara nyingi hushindwa na tabaka tatu za reksini. Ya fundi viatu huweza. Pale Base Camp, Nakivale, wako mafundi cherehani waliotoka Kongo na Burundi wanaojua kazi hii, nasi tulimpa mmoja wao kushona tu, mengine yote tukafanya wenyewe. Njia hiyo ya katikati ndiyo ninayoipendelea. Kabla ya kuvika, anika reksini juani ilainike, kisha vuta kutoka katikati kwenda pembeni.

Ukiamua kumpa fundi wa mjini kazi yote, patana naye kwanza juu ya unene wa sponji, na mwambie asifunike mpaka umekuja kuona ndani. Fundi mwaminifu hatakasirika. Lipa nusu, nusu ibaki mpaka umekikalia. Kikisharudi garini, kaza bolti zote za sakafuni, tia grisi kwenye reli, halafu endesha siku moja na uzikaze tena.