Ukubwa wa Meno na Tofauti za Binadamu

Taji la jino, yaani sehemu inayoonekana juu ya ufizi, likishakamilika halikui tena. Taji la gego la kwanza la kudumu hukamilika mtoto akiwa na miaka 3 hivi, ingawa gego lenyewe hutokeza akiwa na miaka 6. Ukubwa wa taji hutokana zaidi na urithi, na kwa kiasi fulani lishe na maradhi ya utotoni.

Taji hupimwa kwa njia mbili: kwa kufuata safu ya meno, na kutoka upande wa shavu hadi wa ulimi. Kalipa yenye ncha nyembamba hutumika mdomoni au kwenye nakala ya plasta, na kipimo husomwa hadi sehemu ya kumi ya milimita. Kazi hurudiwa siku nyingine bila kutazama namba za awali, kwa kuwa tofauti inayotafutwa mara nyingi haifiki milimita moja, na mkono uliochoka huweza kuizua.

Chonge la chini ndilo linalotofautisha zaidi wanaume na wanawake. Hapo ndipo kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya zinapompa mtafiti taabu. Kwa desturi ya zamani, Wakipsigis wa huko waling'oa meno mawili ya mbele ya chini. Waluo, ambao wengi walifika huko kuchuma chai, waling'oa sita ya chini, machonge yakiwemo. Kwa wazee waliong'olewa sita, kwenye taya la chini hubaki magego tu, nayo mara nyingi huwa yamesagika. Ndiyo maana vijana hupendelewa. Hata hivyo, wastani wa jamii mbili hupishana kidogo mno, na jino la mtu mmoja halitaji kabila lake. Anayedai vinginevyo hajaelewa kipimo.

Tahadhari hiyo inahusu pia visukuku. Mwaka 1961, huko Fort Ternan, Kericho, zilipatikana taya za juu zenye meno ambazo mtafiti wa visukuku Louis Leakey aliziita Kenyapithecus wickeri mwaka 1962, kwa heshima ya Fred Wicker, mwenye shamba. Udogo wa chonge ulimfanya amweke kiumbe huyo karibu na ukoo wa binadamu. Lakini meno machache hayawezi kuonyesha kama udogo huo ni wa spishi nzima au ni wa jike tu. Leo kiumbe huyo, wa miaka milioni 14 hivi iliyopita, huhesabiwa kuwa sokwe wa kale.