Kina cha Kufukia Mabaki ya Mazao: Utangulizi

Somo hili linaanzia pale mavuno yanapoishia. Maharage yakishapigwa na mahindi kupukuchuliwa, mkulima wa Kamachumu, wilayani Muleba, hubaki na maganda, mabua na majani makavu. Ayatandaze juu ya ardhi, ayafukie kwa jembe, au ayazike chini kabisa?

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, swali hilo lina uzito wa pekee. Kuna sehemu za kando ya Ziwa Victoria zinazopata mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo mwingi umetokana na mawe ya mchanga. Maji yamezoa kalisi na potasiamu tangu zama na zama, yakaacha uchachu. Tegemeo kubwa la kushika virutubisho ni mboji. Wahaya, wenyeji wa huko, walikabiliana na hali hiyo kwa kuhamisha rutuba: nyasi zilikatwa rweya, yaani kwenye mbuga za nyasi, samadi ikatoka zizini, vyote vikaishia kibanjani, yaani shamba la nyumbani, kwenye migomba, kahawa na maharage. Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1890 ulifyeka ng'ombe, na leo kaya nyingi hazina hata mmoja, hivyo samadi ni haba. Frederick Baijukya, katika tasnifu yake ya Wageningen, Uholanzi, ya mwaka 2004, alichunguza namna mikunde ya kurutubisha ardhi inavyoweza kuusaidia mfumo huu wa migomba. Mabaki ya mazao nayo yana nafasi katika mfumo huo.

Kipimo chetu cha kujua kina kinachofaa ni rahisi, nami nakipenda kwa sababu hiyo. Mabaki makavu hupimwa uzito, hutiwa kwenye vifuko vya wavu wa nailoni, kisha hufukiwa kwenye vina mbalimbali. Baada ya wiki kadhaa hufukuliwa, husuuzwa, hukaushwa na kupimwa tena. Kifuko kilichokaa kina cha jembe hutoka chepesi, mna vishipa vya majani tu, na mizizi myembamba imepenya matundu. Kilichoachwa juu bado kina majani yenye umbo, kwani kila jua likiwaka yalikauka na vijidudu vikasita. Chini sana hewa ni haba, kuoza huzorota, na naitrojeni inayofunguka huko huzama upesi isikofikiwa na mizizi ya maharage.

Lakini kina peke yake hakitoshi. Mabua ya mahindi yana kaboni takriban mara 60 ya naitrojeni. Ukiyafukia leo ukapanda kesho, vijidudu vitaichukua naitrojeni ya udongoni na miche itakuwa ya njano. Yafukiwe wiki kadhaa kabla, au yachanganywe na majani mabichi ya mikunde.

Kibanjani simshauri mtu kufukia. Mizizi mingi ya mgomba imo ndani ya sentimita 40 za juu, na jembe likizama huikata. Hapo matandazo ndiyo yanayofaa, tena yanazuia mvua isichubue ardhi. Kikambani, yaani shamba lililo nje ya kibanja, kwenye mihogo na mahindi, sentimita 15 hadi 20 zinatosha, na kuzidi hapo ni jasho la bure. Kibanjani ninachokubali kufukiwa ni shimo la mgomba mpya tu: humo mabaki na samadi vikichanganywa na udongo wa juu vinastahili kwenda chini, maana mche unapandwa katikati yake na mizizi yake ya kwanza inachipukia humo humo.